Shahidi wa Shamira

Siku aliyofukuzwa kazi, Shamira hakulia. Alivua koti lake la vumbi, akalitundika nyuma ya mizani, akajifunga leso vizuri na kutoka langoni huku amenyoosha shingo. Machozi yalimjia jioni, akiwa kwao Mundika. Alikumbuka kwamba wakati Zephaniah msimamizi anamwambia asirudi tena, Hamdan alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, mikono mfukoni, anatazama chini.

Huyo Hamdan ndiye aliyemwahidi kwamba watu wa kwao wangekuja kumposa baada ya Idi.

Walikuwa wamependana zaidi ya mwaka, wakificha penzi lao mbele ya watu, katika godauni la mahindi na maharagwe la Mzee Mujib kule Malaba, mahali ambapo malori hupanga foleni kutoka asubuhi mpaka jua linazama. Shamira alikuwa wa mizani. Hamdan alishika ofisi. Kila siku alikuwa na sababu ya kuja mizanini, kuuliza jambo ambalo jibu lake alikuwa nalo tayari. Kuna asubuhi alileta rolex ya moto, ile chapati ya mayai iliyokunjwa, kutoka kwa Waganda wa ng'ambo ya mpaka. Akaiweka juu ya mizani, akamwuliza Shamira kwa uso mkavu kabisa kama mashine hiyo inaweza kupima moyo wa mtu. Shamira alicheka mpaka akasahau lori lililokuwa linangoja. Tangu siku hiyo hakuwa na raha mpaka asikie viatu vya Hamdan vikikanyaga kokoto za uani.

Kulikuwa na tatizo moja tu, na lilikuwa kubwa. Mzee Mujib, mwenye godauni, alikuwa mjomba wake Hamdan. Dada yake Mujib, mama yake Hamdan, alipofariki, mzee alimchukua mtoto akiwa bado ananyonya, akamlea, akamsomesha, akampa kazi. Posa isingeenda popote bila yeye.

Kisha likatokea la Everline.

Everline alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kuchekecha mahindi. Mkanda wa mashine hiyo ulikuwa na kifuniko cha chuma, lakini Zephaniah alikuwa amekiondoa kwa sababu kilichelewesha kazi. Asubuhi moja mkanda ulikamata mkono wa mwanamke huyo, na kabla mtu hajakimbia kuzima umeme, vidole vilikuwa vimekwenda. Shamira ndiye aliyefunga mkono ule kwa leso yake, akaushika juu njia nzima mpaka hospitali, huku damu inamtiririka kwapani.

Wakaguzi wa usalama walipokuja, Zephaniah alikuwa amewapanga wanawake wote na kuwaambia la kusema: Everline alikuwa anachezea simu. Wengine walisema hivyo. Wengine walisema hawakuona. Zamu ya Shamira ilipofika, alisema kifuniko kiliondolewa, nani alikiondoa, na kimewekwa wapi.

Kuanzia hapo hakupumzika. Alitolewa mizanini, akapelekwa nje juani kuchagua maharagwe. Wenzake walionywa wasiongee naye. Akawa anaitwa kazini siku chache, halafu chache zaidi. Mwisho Zephaniah akamwambia mbele ya ofisi kwamba amemtukana, na mtu mwenye matusi hana nafasi pale. Shamira hakuwa amemtukana mtu yeyote.

Aliyemtoa nyumbani alikuwa Everline. Alikuja Mundika, mkono umefungwa kitambaa cheupe, akakaa kwenye kiti na kukataa hata chai.

"Mimi vidole vimeenda, havirudi," alisema. "Lakini kazi yako imeenda sababu yangu, na hiyo inaweza kurudi. Vaa viatu twende leba, ofisi ya mambo ya kazi."

Afisa wa leba waliyemkuta Busia alikuwa mama wa Kiteso, Madam Amoding, mtu wa sauti ya chini ambaye hakumkatiza mtu. Shamira alisimulia yote, kisha akakiri kwa aibu kwamba hakuwahi kupewa hata barua ya kuajiriwa. Madam Amoding alimwambia hilo lisimtie hofu. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na sheria ya kazi inaujua. Akamweleza pia jambo ambalo Shamira alitembea nalo njia yote ya kurudi, akilirudia moyoni kama mtu aliyepewa zawadi: mwajiri haruhusiwi kumfukuza mfanyakazi kwa sababu amelalamika au amesema ukweli kuhusu hatari ya kazini. Na hata kama ana kosa, lazima aitwe, aambiwe kosa lenyewe kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazini kando yake.

"Wewe uliitwa?" Madam Amoding aliuliza.

"Hapana."

"Basi tutawaita wao. Nani mwingine alikuwepo wakati hayo matusi yanasemekana yalitoka?"

Shamira alisita. Everline alimtazama. Wanawake wa maharagwe walikuwa mbali, na hata kama walisikia, nani angewalaumu kwa kuogopa? Mtu aliyesimama karibu alikuwa mmoja.

"Kuna Hamdan," alisema.

*

Hamdan alikuja Mundika Jumapili alasiri. Mama yake Shamira, Hadijah, mjane aliyeuza vitambaa katika soko la Busia, alijibu salamu yake bila kumtazama, akaingia ndani na kuacha mlango wazi. Kila neno lingemfikia huko ndani.

Alikuwa amekonda. Shamira aliliona hilo kwanza, akajichukia kwa kuliona. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, lakini macho yale mekundu ya mtu asiyelala yalimpokonya nusu ya maneno hayo.

"Nimekuja na habari nzuri," Hamdan alisema, na sauti yake haikufanana na habari nzuri.

Akaeleza. Mjomba wake alikuwa amepata mwito wa leba na amekasirika sana. Lakini walikuwa wamezungumza, na Mzee Mujib alikuwa amekubali jambo. Kama Shamira ataondoa malalamiko yake, basi yeye Mujib mwenyewe, kwa mdomo wake, ataleta posa Mundika kabla ya mwezi kuisha. Harusi atagharamia yeye. Kazi haingehitajika tena, maana angekuwa mke wa nyumbani kwao.

Moyo wa Shamira uliruka, tusidanganyane. Hilo ndilo jambo aliloliomba katika kila sala. Alijiona amekaa kwenye mkeka na hina mikononi, akamwona Hamdan akiingia na kanzu mpya, akawaona wanawake wa Mundika wakipiga vigelegele. Picha hiyo ilikuwa tamu na ilikuwa karibu sana, kiasi kwamba angenyoosha mkono tu angeigusa.

"Na Everline?" aliuliza.

Hamdan aligeuza macho kwenye migomba.

"Kifuniko kimerudishwa kwa mashine?"

"Bado."

"Nani anafanya kazi hapo saa hii?"

"Msichana mmoja mgeni. Shamira, hebu sikiza—"

"Wewe nisikize kwanza. Siku ile, mimi nilimtukana Zephaniah?"

"Hapana."

"Ulisikia kila kitu?"

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza."

Hamdan alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, Shamira aliona jinsi alivyokuwa mtu mzima na mtoto kwa wakati mmoja. Alisema alidhani akinyamaza hasira za mjomba zingepoa, mambo yangerudi kama zamani. Alisema kuna jambo jingine ambalo hakutaka kulitaja, lakini hakuja kumdanganya. Mjomba wake alimtaka aende leba kuwa shahidi wa godauni, aseme kwamba alisikia matusi.

"Na utasema?"

"Huyo ni Mjomba, Shamira. Sina baba mwingine. Nikiwa na malaria alikuwa analala sakafuni kando ya kitanda changu. Unataka nimwaibishe mbele ya serikali?"

Shamira alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko hasira. Alijua ukubwa wa kitu alichokuwa anaombwa mtu huyu. Hata hivyo alimjibu taratibu, bila kupandisha sauti.

"Sikulazimishi kitu. Mjomba wako ana haki ya kupendwa na wewe. Lakini mimi siwezi kuolewa kwa bei ya vidole vya Everline. Na siwezi kuwa mke wako nyumbani, halafu nikifika kwa watu hunijui. Kama hiyo ndiyo posa, mrudishie."

Hamdan aliinuka. Akaaga mlangoni, na hakuna aliyemwitikia. Shamira alimtazama akishuka kwenye njia ya migomba mpaka shati lake la buluu likapotea. Mama yake alitoka, akakaa mahali Hamdan alipokuwa ameketi.

"Hapana kwao, hapana kwa huyo kijana," Hadijah alisema. "Watu wanafukuza mwanangu kazi, halafu wanataka kumchukua awe wao? Mimi sitaki."

Shamira hakubishana naye. Aliweka kichwa kwenye bega la mama yake, na mama akamwacha alie mpaka akachoka.

*

Siku ya kuonana katika ofisi ya leba, Hadijah hakufungua meza yake sokoni. Alikaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani. Ndani, Shamira na Everline walikuwa upande mmoja wa meza ya Madam Amoding. Mzee Mujib aliingia na kanzu nyeupe na kofia, akasalimia kila mtu kwa adabu. Nyuma yake alikuja Zephaniah. Nyuma ya Zephaniah alikuja Hamdan, akaketi upande wa mjomba wake bila kumtazama Shamira.

Basi amechagua, Shamira aliwaza. Everline alimshika mkono chini ya meza kwa ule mkono wake mzima.

Zephaniah alizungumza kwanza. Alisema msichana huyu alikuwa na kiburi tangu zamani na kwamba siku ile alimtukana mbele ya watu. Madam Amoding alimwuliza matusi yenyewe yalikuwa yapi. Zephaniah akasema hayawezi kutamkwa mbele ya wazee. Akaulizwa kama Shamira aliitwa akaelezwa kosa lake, kama alipewa nafasi ya kujitetea na mwenzake akiwepo. Zephaniah alimtazama bosi wake. Akaulizwa kwa nini alitolewa mizanini wiki ile ile ambayo wakaguzi walikuja. Alisema kulikuwa na mabadiliko ya kawaida.

Mzee Mujib aliinua mkono. Alionekana amechoshwa na kigugumizi cha msimamizi wake.

"Madam, tusipoteze wakati. Kijana wangu alikuwepo. Huyu hasemi uongo, nimemlea mwenyewe. Mwulize yeye."

Wote walimgeukia Hamdan. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Shamira, kwa muda mfupi tu, lakini Shamira aliona kitu ambacho hakuwa amekiona Jumapili. Macho yalikuwa yametulia.

"Mjomba amesema kweli, alinilea nisiseme uongo," Hamdan alianza. Akameza mate. "Shamira hakumtukana mtu. Zephaniah alimwambia asirudi, yeye akauliza amekosa nini, hakujibiwa. Akatundika koti akaenda. Mimi nilikuwa mlangoni na nikanyamaza. Alifukuzwa sababu ya kuwaambia wakaguzi ukweli. Mjomba, nisamehe. Niliambiwa nije niseme vingine, na nimeshindwa."

Nje, lori lilipiga honi barabarani, na Zephaniah akashtuka kama ameitwa. Uso wa Mzee Mujib ulibadilika rangi. Alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu, na Shamira, ambaye angepaswa kufurahi, alijikuta anaomba kimoyomoyo mzee huyo asimtupe mtoto wake.

Madam Amoding aliweka kalamu chini. Alieleza, bila kumfokea mtu, kwamba jambo hili lina njia mbili: kuelewana hapa au kwenda kwa mahakama ya kazi, na kule mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha sababu ya kumfukuza mtu. Akaongeza kwamba sheria iliyomkinga Shamira inamkinga pia aliyetoa ushahidi. Mzee Mujib akimfukuza huyu kijana kazi kwa sababu ya maneno ya leo, watakutana tena kwenye meza hii.

Mzee Mujib alivua kofia, akaiweka gotini.

"Shamira," alisema. Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. "Nilikukosea nini hata ukataka kuniangusha?"

"Ningetaka kukuangusha, Mzee, ningenyamaza. Ningengoja mkono mwingine uingie kwa ile mashine, na mwingine. Mimi napenda pale. Nilikuwa natamani pawe kwetu."

Macho ya Mzee yalishuka mezani, ambapo Everline alikuwa ameweka mkono wake uliofungwa. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa ameuona tangu siku ya ajali. Hakuwa amekwenda hospitali. Alikuwa amemtuma Zephaniah, na Zephaniah alikwenda kupanga maneno.

"Bado unauma?" alimwuliza.

"Usiku, Mzee," Everline alisema. "Mchana nasahau, nanyoosha mkono kushika kikombe, kinaanguka."

Mzee Mujib alifuta uso kwa kiganja. Alipozungumza tena, alizungumza na Madam Amoding, lakini sauti ya biashara ilikuwa imemtoka. Aliuliza Shamira anataka nini. Shamira alisema anataka kurudi mizanini kwake. Kifuniko kirudishwe kabla mtu hajawasha mashine tena. Everline apelekewe fidia yake kama sheria ya ajali za kazini inavyotaka, asizungushwe. Na wanawake wengine wasiguswe.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, Mzee."

Alikubali yote. Alimwambia Zephaniah atangulie Malaba akazime mashine sasa hivi, na kwamba wao wawili wana mazungumzo yao baadaye. Zephaniah alitoka bila kuaga. Madam Amoding aliwaandikia makubaliano, wakatia sahihi, Everline akitia kwa mkono wa kushoto polepole, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule. Shamira alimshika yule mama wa Kiteso mikono yote miwili na kuinamisha kichwa. Madam Amoding alimpigapiga begani, akamwambia awaambie na wenzake kwamba mlango huu uko wazi.

*

Nje jua lilikuwa kali. Hadijah aliinuka kwenye benchi alipowaona, akamtazama binti yake usoni, na hakuhitaji kuuliza. Alimkumbatia, kisha akamkumbatia Everline kwa uangalifu, akisema alhamdulillah mara nyingi.

Mzee Mujib alitoka wa mwisho, akasimama mbele ya Hadijah.

"Mama Shamira, binti yako ana mdomo."

"Anao. Nilimwambia autumie vizuri."

"Ameutumia vizuri." Alishika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuomba. "Nilisema nitaleta posa akiondoa malalamiko. Hakuondoa. Naomba kuja hivyo hivyo, kama mlango wenu haujafungwa."

Hamdan, aliyekuwa hatua chache nyuma, aliinua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali.

Hadijah hakuwa na haraka. Alimpima mzee huyo kutoka kofia mpaka viatu.

"Nenda kwanza kwa Everline," alisema. "Kaa nyumbani kwake, mwone anavyopika kwa mkono mmoja, zungumza na watoto wake. Ukitoka huko, njoo kwetu. Utakuta mlango uko wazi."

Mzee Mujib aliinamisha kichwa. "Nitakwenda kesho," alisema, na Everline akamwelekeza nyumbani kwake. Kisha alimgeukia mpwa wake. Hamdan alikuwa ameshajiandaa kwa lolote, mabega yamekaza. Mjomba alimwekea mkono shingoni, akamtikisa kidogo, akaenda kwenye gari. Hamdan alibaki amesimama, anapepesa macho.

Shamira alimsogelea. Watu walikuwa wanapita, kwa hiyo hakumgusa, lakini alisimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Niliogopa," Hamdan alisema. "Mpaka aliponiambia nizungumze, nilikuwa sijui nitasema nini. Halafu akasema alinilea nisiseme uongo. Nikaona kama nikidanganya, nitakuwa nimemdanganya yeye pia. Utanisamehe ile siku ya mlangoni?"

"Nimeshakusamehe. Nilikusamehe ulipomeza mate."

Hamdan alicheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Asante," Shamira alimwambia. Alitaka kusema mengi zaidi: kwamba usiku uliopita alikuwa amejitayarisha kuishi bila yeye, na kwamba sasa alijua mtu aliyempenda alikuwepo kweli. Lakini neno lile lilitosha. "Asante, Hamdan."

Hadijah alikuwa anawatazama, mkoba begani. Tangu ile siku ya Jumapili hakuwa amemtaja kijana huyu isipokuwa kwa kumkataa. Alikohoa.

"Hamdan."

"Naam, Mama."

"Umekula?"

"Bado, Mama. Tangu jana."

"Haya, twende sote tukale," Hadijah alisema, akaanza kutembea kuelekea sokoni, mkono wake katika mkono mzima wa Everline. "Na utembee huku mbele nikuone. Umekonda sana, watu watasema hatukulishi."